Unanunua pikapu ya familia? Uliza difu kabla ya rangi

KWA familia nyingi za Karagwe na Kyerwa, gari la kwanza kuingia nyumbani huwa la kazi. Asubuhi hubeba ndizi, msimu ukifika hubeba kahawa, nyumba ikijengwa hubeba saruji na mabati, na Jumapili huipeleka familia kanisani. Mama akishikwa na uchungu usiku, gari hilohilo ndilo hugeuka la wagonjwa.

Hata hivyo, siku ya kulinunua maswali huwa yaleyale. Limetembea kilometa ngapi? Ni dizeli au petroli? Ni namba D au E? Rangi yake imekaaje? Ni nadra kumsikia mnunuzi akiuliza difu yake ina uwiano gani, ingawa jibu la swali hilo ndilo huamua kama gari litaumaliza mlima likiwa limejaa au litasimama katikati klachi ikitoa moshi.

Katika wilaya hizi mbili swali hilo lina uzito wa pekee. Karagwe, na Kyerwa iliyogawanywa kutoka humo mwaka 2012, ni nchi ya vilima na mabonde. Anayetoka Kyaka, ukingoni mwa Mto Kagera, hupanda mamia ya mita kabla ya kufika Kayanga. Anayekata kushoto au kulia kuingia vijijini, au anayeshika njia ya Omurushaka kwenda Nkwenda, Kaisho hadi Murongo mpakani na Uganda, hukutana na mpando baada ya mpando.

Ukurasa wa familia kwa kawaida hauzungumzii ekseli. Lakini chombo kinachowabeba baba, mama na watoto ni sehemu ya afya yao, kama yalivyo maji ya kunywa na chandarua.

Difu ni nini?

Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, kati ya matairi mawili. Nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi, ikashuka kwenye propela shafti, kisha ikaingia kwenye difu ili igeuzwe na kupelekwa kwenye matairi.

Ndani ya difu kuna gia mbili zinazohusika na mada yetu. Ndogo huitwa pinioni, nayo huzungushwa na propela shafti. Kubwa huitwa krauni, nayo ndiyo huzungusha matairi. Uwiano wa difu ni idadi ya meno ya krauni ukigawanya kwa meno ya pinioni.

Krauni ikiwa na meno 41 na pinioni 10, uwiano ni 4.1. Maana yake propela shafti huzunguka mara 4 na kidogo ili tairi lizunguke mara moja. Krauni ya meno 41 ikikutana na pinioni ya meno 11, uwiano unashuka hadi 3.73. Krauni ya meno 39 na pinioni ya meno 8 hutoa 4.88.

Kanuni ni rahisi kuikumbuka. Namba ikiwa kubwa, difu ni ya nguvu: gari huvuta vizuri, lakini injini hufanya kazi zaidi kwenye mwendo. Namba ikiwa ndogo, difu ni ya mbio: gari hutulia kwenye lami na hunywa mafuta kidogo, lakini mlimani likiwa na mzigo hulemewa.

Anayeendesha baiskeli analijua jambo hili kwa miguu yake. Ukiwa na gia nyepesi unapanda mlima ukikanyaga mara nyingi. Ukiwa na gia nzito unakwenda mbali kwa kila mkanyago, ila mlimani utashuka na kusukuma.

Nchini Marekani, familia zinazokwenda likizo zikikokota nyumba za magurudumu nyuma ya pikapu huuliza namba hiyo kabla ya kununua. Wauzaji huorodhesha 3.55, 3.73 au 4.10, na kikomo cha uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta hupanda au kushuka kulingana na namba hiyo. Kwetu hakuna anayekokota nyumba kwenda likizo, lakini tani moja ya ndizi kwenye mpando wa vumbi inaudai mtambo uleule.

Mlima unadai kiasi gani?

Chukua mpando wa asilimia 10, yaani barabara inayoinuka mita 10 kwa kila mita 100. Katika mpando huo, kila tani moja ya gari na mzigo hurudisha nyuma kwa nguvu inayokaribia kilo 100. Pikapu yenye uzito wa tani 3 ikiwa imejaa inavutwa nyuma kwa kilo 300. Mpando ukiwa wa asilimia 15, kilo hizo huwa 450. Hapo bado hatujahesabu tope la masika wala vumbi laini la kiangazi, ambavyo huongeza ugumu wa matairi kuzunguka.

Kuna na jambo la hewa. Magari mengi yaliyotumika huingia nchini kupitia Bandari ya Dar es Salaam, na mnunuzi huyajaribu hukohuko, usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu hewa hupungua, na injini isiyo na tabochaja hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Miinuko mingi ya Karagwe hufika mita 1,500 na zaidi. Kwa hiyo gari lililovuta vizuri Dar es Salaam likifika Kayanga limeshaacha njiani takribani asilimia 15 ya nguvu zake, kabla halijapakiwa mkungu hata mmoja.

Sasa linganisha difu. Kutoka 3.73 hadi 4.1 ni ongezeko la asilimia 10 ya nguvu ya kuvuta kwenye matairi kwa injini ileile na gia ileile. Kutoka 4.1 hadi 4.88 ni ongezeko la asilimia 19. Kwa maneno mengine, difu inayofaa inaweza kukurudishia kile ambacho mwinuko umekunyang’anya.

Dereva hulitambua hili bila kalamu. Mpando ambao gari la difu ya mbio hupanda kwa gia namba moja likitetemeka, gari la difu ya nguvu huupanda kwa namba mbili likiwa limetulia. Klachi haichezewi, injini haichemki, na abiria hawashiki roho mkononi.

Gharama yake kwenye lami

Hakuna cha bure. Tuchukue gari ambalo tairi lake likizunguka mara moja hutembea mita 2.2. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, kwenye gia ambayo giaboksi haiongezi wala kupunguza mzunguko, injini yenye difu ya 3.73 itazunguka kama mara 2,260 kwa dakika. Yenye 4.1 itazunguka kama mara 2,480, na yenye 4.88 kama mara 2,950.

Kwa familia ambayo kila wiki inakwenda Bukoba na kurudi kwa lami ya Bugene–Kyaka ikiwa na watu watatu na begi, mizunguko hiyo ya ziada ni mafuta, kelele na uchakavu bila faida. Familia hiyo haina sababu ya kutafuta difu kali.

Lakini kwa familia ambayo safari zake nyingi ni shamba hadi barabara kuu, barabara kuu hadi soko, na kurudi na mbolea au saruji, hesabu hugeuka. Kwenye barabara ya kijiji hakuna anayefika 80. Kinachoamua mwendo huko ni mashimo, kona na ng’ombe, kwa hiyo kasi ambayo difu ya nguvu inakunyima hungeitumia.

Ndiyo maana fundi mzuri, ukimpelekea swali la difu, hukuuliza kwanza: “Mzee, unabeba nini, na unapita wapi?” Jibu hilo afadhali litolewe na wote nyumbani. Mara nyingi baba hufikiria safari ya Bukoba, lakini mama ndiye anayejua mikungu mingapi hutoka shambani kwa wiki, na ndiye anayeijua njia ya zahanati, maana ameipita kila kliniki akiwa mjamzito.

Mtego wa matairi makubwa

Vijana wengi hupenda kuinua gari na kuliwekea matairi makubwa. Hupendeza, na kwenye tope husaidia gari lisiguse chini. Wengi hawajui kwamba kufanya hivyo ni sawa na kubadili difu.

Tairi likiongezeka kipenyo kwa asilimia 10, difu ya 4.1 hufanya kazi kama ya 3.73. Umenunua gari la mzigo, kisha kwa matairi umeligeuza kuwa la mbio. Breki nazo hulazimika kuzuia tairi lenye nguvu zaidi ya mzunguko kuliko lililokusudiwa.

Vilevile, katika magari mengi kipima mwendo huanza kudanganya. Dereva akiona 80, gari linakwenda 88. Kwenye kona za kushuka kuelekea Kyaka, kilometa 8 hizo si kitu kidogo.

Gari la kuvuta kwa matairi manne

Kwa magari yenye difu mbele na nyuma kuna onyo moja ambalo halina mjadala. Kwa kawaida difu zote mbili lazima ziwe na uwiano mmoja. Ukibadili ya nyuma na kuiacha ya mbele, matairi ya mbele na ya nyuma yatataka kwenda mwendo tofauti, na siku utakapounganisha matairi manne kwenye ardhi ngumu, kitu kitavunjika.

Wenye magari hayo wana msaada mwingine: ile gia iliyoandikwa 4L. Katika pikapu nyingi huongeza nguvu ya kuvuta kwa takribani mara 2.5. Ni ya mwendo wa pole kwenye tope, mpando mkali au mteremko mkali. Mwenye gari la namba hiyo mara nyingi hahitaji kubadili difu kabisa. Anahitaji kujifunza kuitumia.

Anayeamua kubadili difu anunue krauni na pinioni zilizotengenezwa pamoja, kwa sababu meno yake yamesagwa yakaelewana. Kuchanganya pinioni ya huku na krauni ya kule huleta mlio, kisha chembe za chuma ndani ya oili, kisha difu kukwama. Mara nyingi nafuu ni kutafuta ekseli nzima ya gari la aina hiyohiyo yenye uwiano unaoutaka.

Hata bodaboda ina difu yake

Si kila familia ina pikapu. Wengi hutegemea pikipiki, nayo ina hesabu yake kwenye cheni. Sproketi ndogo ya mbele ni kama pinioni, na kubwa ya nyuma ni kama krauni.

Tuseme ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Uwiano ni 3. Ukiweka ya nyuma yenye meno 45, uwiano unakuwa 3.21, ongezeko la asilimia 7. Ukiiacha ya nyuma ilivyo na kuweka ya mbele yenye meno 13, unapata 3.23. Kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma, tena kwa bei ndogo, ila cheni hujikunja zaidi kwenye sproketi ndogo na huchakaa mapema.

Hata hivyo, sproketi haibadili mizani. Mikungu ikifungwa nyuma ya ekseli, mlimani pikipiki huinua tairi la mbele, na usukani huwa hauna kazi. Hapo hakuna idadi ya meno itakayosaidia. Mzigo upungue na usogezwe mbele.

Kanuni hiyo inagusa pia pikapu inayopakiwa hadi ndizi zinaning’inia nje ya mlango wa nyuma. Uzito ulio nyuma ya ekseli hulipunguzia tairi la mbele mshiko, na gari hukataa kukata kona.

Kwa wanaokokota tela, uzito unaolalia ndoano ya gari unapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela na mzigo wake. Ukiwa mdogo zaidi, tela huanza kuyumba kama mkia. Vitabu vya pikapu nyingi huweka kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake lenyewe, na kikomo hicho hakibadiliki kwa sababu umefunga difu kali.

Kilichopanda lazima kishuke

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Difu ya nguvu hulifanya gari lipande na mzigo ambao zamani lingeukataa. Mwenye gari hufurahi na kuongeza gunia. Lakini difu haijaongeza breki, springi, chesisi wala matairi. Gari limepata uwezo wa kupanda juu zaidi ya uwezo wake wa kushuka.

Fikiria pikapu ya tani 3 ikishuka mita 200 kwenda bondeni. Dereva akitegemea breki peke yake, joto litakalozalishwa kwenye breki hizo linatosha kuchemsha lita 17 za maji, karibu ndoo nzima. Breki zikipata joto la namna hiyo hulegea. Dereva hukanyaga na gari haliitiki.

Dawa yake ni gia. Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia mlima huo, au ndogo zaidi, ukiichagua kabla ya kuanza kushuka. Injini itashika sehemu kubwa ya kazi, na difu yenye namba kubwa husaidia zaidi hapo. Kwa gari la otomatiki, weka L au 2. Usiweke gia huru ukidhani unaokoa mafuta, na usizime injini, kwa sababu breki na usukani wa magari mengi hupata msaada kutoka kwenye injini inayozunguka.

Watu wasipande juu ya mzigo. Gunia la kahawa likiteleza kwenye kona halimsubiri mtoto ashike kamba. Watoto wakae ndani wamefunga mikanda, na kama nafasi haitoshi, safari ziwe mbili.

Ucheleweshaji wa pili

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha uchambuzi ambao hadi leo hufundishwa kwa wakunga na madaktari. Walieleza kwamba vifo vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Ucheleweshaji wa pili ndio unaokaa barabarani. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya kina mama duniani, na bila matibabu mama anaweza kufariki ndani ya saa chache. Gari likisimama katikati ya mpando likisubiri klachi ipoe, saa hizo zinahesabika palepale.

Kutoka vijiji vya mbali hadi Hospitali ya Nyakahanga iliyopo Karagwe, au ya Isingiro iliyopo Kyerwa, kuna milima ambayo gari halina budi kuipanda. Kesi ngumu zaidi hupelekwa Bukoba, au hata Bugando jijini Mwanza.

Serikali na wadau wake walizindua kitaifa mwaka 2022 mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Namba ya kupiga ni 115, bila malipo. Pale gari la wagonjwa linapokuwa mbali, kituo cha uratibu humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, mwenye gari la kawaida kama lako, naye hulipwa na mfumo.

Maana yake ni kwamba pikapu ya jirani inaweza kuwa kiungo katika mnyororo wa kumwokoa mama. Mwenye gari anayefikiria kujisajili ajiulize kama gari lake linapanda kila mlima wa kata yake likiwa na watu watano, usiku, mvua ikinyesha.

Kila familia yenye mjamzito iwe na mpango ulioandikwa: nani ataitwa, gari lipi litatumika, na lipi ni la akiba. Dalili za hatari ni kutokwa na damu, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, degedege, mtoto kuacha kucheza tumboni, na chupa kupasuka kabla ya wakati. Zikionekana, msisubiri kukuche. Safarini mama alale ubavu wa kushoto na asikae mwenyewe; awepo mtu wa kumwangalia. Mwenye kutokwa na damu au degedege hafai kupandishwa nyuma ya pikipiki.

Radieta na ngozi ya mtu

Gari lenye difu isiyofaa hujitangaza kwa kuchemka. Wengi hulisimamisha juu ya mlima na kufungua mfuniko wa radieta papo hapo. Maji yaliyo ndani yako chini ya mgandamizo na huweza kuwa moto kuliko maji yanayochemka sufuriani. Mfuniko ukilegea hurukia usoni na mikononi.

Zima injini, fungua boneti, subiri angalau nusu saa, na watoto wakae mbali. Aliyeungua apoeshwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na yai havipakwi kwenye jeraha la moto.

Kabla ya kutoa fedha

Pesa ya gari mara nyingi hutoka kwenye kahawa ya misimu kadhaa, kikoba cha mama au mkopo. Inastahili ukaguzi wa saa moja.

Kwanza, tafuta kibao cha gari. Kwenye Toyota nyingi kipo ndani ya boneti au kwenye mlango, na kina mstari wa TRANS/AXLE. Herufi na namba zilizo baada ya mkwaju ndizo za ekseli. Duka la vipuri linaweza kukusomea uwiano wake.

Pili, usiamini kibao peke yake, kwa sababu ekseli inaweza kuwa ilishabadilishwa. Mwombe fundi ahesabu. Gari liwe mahali tambarare, matairi ya mbele yazuiwe kwa mawe au magogo pande zote, nyuma liinuliwe na kukalishwa kwenye stendi za chuma, si jeki pekee. Gia iwe huru na breki ya mkono iachiwe. Fundi ataweka alama kwenye tairi na kwenye propela shafti, kisha atazungusha matairi yote mawili ya nyuma kwa pamoja mzunguko mmoja na kuhesabu propela imezunguka mara ngapi. Mara 4 na kidogo ni difu ya 4.1, karibu mara 5 ni ya 4.88. Kwa difu ya kawaida, likiinuliwa tairi moja tu, lizungushwe mara mbili.

Tatu, soma ukubwa wa tairi na ulinganishe na ule ulioandikwa mlangoni.

Nne, angalia oili ya difu. Ikiwa na chembe zinazong’aa, au difu ikilia kwenye mwendo, bei ishuke au ondoka.

Tano, lijaribu gari mlimani, likiwa na mzigo halali. Chagua mpando unaoupita kila wiki. Simama katikati, kisha ondoka. Gari likiondoka bila klachi kunuka, limefaulu. Kisha geuza, literemshe kwa gia ndogo, na mwisho wa mteremko sogeza kiganja karibu na ringi bila kuigusa. Joto likikupiga kutoka mbali, breki zimefanya kazi ambayo injini ilipaswa kuifanya.

Kama gari unalo tayari na difu yake haifai, si lazima ukimbilie kubadilisha. Anza na mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: rudisha matairi ya ukubwa wake, punguza mzigo kwa safari, na jifunze kushika gia ndogo mapema kabla injini haijalemewa. Kwa familia nyingi hayo yanatosha. Kwa zile ambazo kila siku ni mlima na kila siku ni mzigo, kaeni pamoja, mhesabu safari zenu za mwezi, kisha mwende kwa fundi mkiwa na namba mkononi.